Ndege ya Jumatatu

Nilimdanganya baba mkwe wangu kuhusu ndege. Si kuhusu chakula, si kuhusu mwanawe, si kuhusu mipaka ya shamba, mambo ambayo wanawake wengi ninaowajua wamewahi kuwadanganyia wakwe zao na bado wakalala usingizi mzuri. Ndege tu, ndogo, iliyopita juu ya kijiji chetu, Gesima, asubuhi moja ya likizo ya Aprili ikaenda zake. Nimefundisha Kiswahili sekondari miaka kumi na minane na nimetunga hadithi nyingi za kusomwa darasani, lakini kati ya yote niliyowahi kutunga, uongo huo wa maneno mawili ndio ambao sijaweza kuufuta.

Nianze na yeye. Ujana wake aliuacha kwenye mashamba ya ngano upande wa Narok, na kazi yake ilikuwa kushika bendera. Siku hizo ndege za kunyunyiza dawa hazikuwa na mitambo ya kuzionyesha njia. Zilikuwa na mtu. Mtu huyo alisimama mwisho wa shamba na bendera nyeupe juu ya mti mrefu, ndege ikamlenga, ikashuka mpaka ikakaribia kugusa masuke, ikaachilia dawa. Kabla haijamfikia ilimbidi awe ameshasogea pembeni hatua kadhaa na kusimama tena kungoja mkupuo wa pili. Asubuhi za ukungu ndege haikuonekana kabisa, ilisikika tu. Mshika bendera asiyejua kusikia aliishia kulowa dawa, au jambo baya zaidi. Yeye alirudi nyumbani mzima, akanunua mashina ya chai, akalea watoto watano, na kila mmoja wao akihitimu aliambiwa maneno yale yale: "Masikio haya ndiyo yamekusomesha."

Macho yalimwacha uzeeni. Daktari alisema ni presha ya macho. Wanawe walisema ni dawa ya ngano. Yeye alisema macho yamechoka na yamepewa likizo, na hakutaka yazungumziwe zaidi ya hapo.

Niliolewa hapa kutoka Keumbu, na sikuja nikijua lolote kuhusu ndege. Kwetu Keumbu tulijua magari. Nilimkuta mzee anayeketi barazani kwake kila asubuhi baada ya chai, uso umeinuka kidogo, na daftari la shule pembeni. Ndani ya daftari aliandika ndege zilizopita. Sikuelewa nani angetaka kujua, na nilipomuuliza mume wangu, alicheka akasema baba yake amefanya hivyo tangu arudi kutoka Narok, na afadhali ndege kuliko pombe.

Ndege zenyewe alizipa majina yake. Ile ya mabawa juu, injini moja na magurudumu yanayoning'inia, aliiita Kasisi, kwa sababu mtu wa kwanza aliyemwona akishuka humo alikuwa padri. Ya kunyunyiza dawa, yenye mgongo uliopinda, ilikuwa Panzi. Ya injini mbili aliiita Mapacha, nazo alizitofautisha: Mapacha wa Mara walioenda na watalii, Mapacha wa Daktari waliokuja kubeba mgonjwa. Helikopta hakuzipa jina. Alisema helikopta ni za wanasiasa, na mwanasiasa hangoji kutajwa, hujitaja mwenyewe.

Alipoacha kuona, kazi ya kuandika ikawa yangu. Si kwamba niliiomba. Mama mkwe alikuwa ameshafariki, mume wangu anafanya kazi Nairobi, shemeji zangu wana miji yao, watoto wangu walikuwa bado wadogo, na mimi ndiye niliyebaki katika boma lile nikijua kushika kalamu. Hapo lazima nieleze jambo ambalo Mgusii hahitaji kuelezwa.

Kwetu kuna kitu kinachoitwa chinsoni. Ni heshima, ni haya, na ni umbali, vyote kwa pamoja. Mimi mke wa mwanawe simpi mkono baba mkwe. Siingii chumba anacholala. Siketi kwenye kiti chake hata kama hayupo. Simtazami usoni tukizungumza, naye hanitazami. Yapo maneno ya mwili ambayo hayatamkwi kati yetu, na yapo mengine mengi yasiyo na ubaya wowote lakini yanapita karibu na hayo, kwa hiyo nayo yanaachwa. Ukijumlisha yote yaliyoachwa, baba mkwe na mke wa mwana hawabakiwi na mengi. Mvua, ng'ombe, majani ya chai. Alipopofuka, kazi ya kulinda umbali huo iliniangukia mimi peke yangu, kwa kuwa yeye hakuona tena nilipo. Nikajifunza kukohoa. Nikitoka jikoni nakohoa, nikifika uani nakohoa, naye anajua nipo wapi na anageuza kiti chake upande. Wageni walidhani nina kifua.

Ndege ndizo zilizotupa la kuzungumza. Nyumbani tunasema Ekegusii, lakini ndege alizijua Narok, kati ya Wamasai na Wakikuyu na Wakalenjin, na maneno yake yote ya ndege yalikuwa ya Kiswahili. Kwa hiyo ndege ikipita tulihama lugha. Kiswahili chake kilikuwa cha mashambani, ngeli zake zilinitia kichaa mimi mwalimu, na sikuwahi kumsahihisha. Ndani ya lugha ile tulikuwa huru kidogo. Aliweza kuniuliza swali, na swali jingine juu ya hilo, na hata kunitania, jambo ambalo kwa Ekegusii asingelifanya.

Alikuwa na utaratibu wake. Kwanza alisema alichosikia. "Hii ni Mapacha, inatoka Kisumu, imebeba watu wazito." Kisha akaniuliza nilichoona. Mabawa iko juu ama chini? Injini ngapi? Miguu iko nje ama imemeza? Mkia iko namna gani? Inaenda wapi? Nilijibu nikiwa nimesimama hatua zangu kumi kutoka barazani, mkono juu ya macho kukinga jua, na majibu yakilingana na masikio yake alitikisa kichwa taratibu na kusema, "Andika." Katika miaka minne niliyomwandikia, wikendi na likizo, hakukosea idadi ya injini hata mara moja. Nilianza kumheshimu kwa namna nyingine, si ya chinsoni tu. Sitasema nilimpenda, kwa sababu neno hilo nalo ni katika yale yaliyoachwa, lakini msomaji anaweza kunielewa.

Sasa Jumatatu.

Asubuhi ile majani yangu ya chai yalikataliwa kwenye kituo cha kupimia chai. Nilikuwa nimekosa mzunguko mmoja wa kuchuma kwa sababu ya kusahihisha mitihani ya mwisho wa muhula, machipukizi yakakomaa, na kiwanda hakitaki majani magumu, kinataka majani mawili na chipukizi. Nilijua hayo. Nilitumaini karani hataona. Karani aliingiza mkono katikati ya gunia, akatoa konzi, akaitandaza mezani mbele ya wanawake wote wa foleni na kuuliza kwa sauti ya upole kabisa, "Mwalimu, hii ni chai ama ni malisho?" Wakacheka. Wawili kati yao niliwafundisha, na mmoja nilimwadhibu kwa kucheka darasani.

Nikarudi na gunia langu kichwani, nikalimwaga uani nyuma ya jiko, nikaketi kuchambua jani kwa jani. Majani magumu niliyatupa kwa hasira. Ndipo niliposikia ngurumo kwa mbali, na kutoka upande wa pili wa jiko, sauti ya Tata. Tata ni baba kwa Ekegusii, na ndivyo ninavyomwita.

"Mokamwana," akaita. Mke wa mwanangu. "Hiyo ni gani?"

Ningepaswa kuona jambo hapo. Hakusema kwanza alichosikia. Kwa mara ya kwanza katika miaka minne alianza na swali, kwa sababu alisikia kitu asichokijua na alitaka msaada wangu. Lakini mimi nilisikia mzee asiye na kazi akiniita kutoka kwenye kazi. Sikuinuka. Sikuinua hata macho. Ndege ilipita juu ya mgongo wangu, kivuli chake kikavuka majani yangu, nami nikasema, "Ni Kasisi, Tata. Ya kawaida tu."

"Injini ngapi?"

"Injini moja."

Akauliza, taratibu, "Moja?"

"Moja, Tata. Mabawa juu."

"Miguu?"

"Iko nje."

Nilimjibu kwa sauti ile ninayoitumia kwa mwanafunzi anayeuliza swali kengele ikiwa imeshalia. Akasema, "Andika," na baadaye, nilipomaliza kuchambua, nilikwenda nikaandika kwa vidole vyeusi vya utomvu: Jumatatu, Kasisi, injini moja, kuelekea kusini. Sikuona haya hata kidogo. Nasema hivyo kwa sababu nikikumbuka napenda kujifanya kwamba dhamiri ilinisuta tangu siku ile, na si kweli. Nilikula mchana vizuri.

Jumatano ilirudi.

Nilikuwa naanika nguo, kwa hiyo macho yalikuwa juu tayari. Ilitoka upande wa Ikonge, chini kuliko nilivyowahi kuona ndege ikiruka kwetu, ikinyooka kana kwamba imefungwa kamba. Ilipita juu ya mgongo wa kilima, ikatokomea, ikageuka, ikarudi ikipita mbele kidogo ya pale ilipopita mwanzo, kama mtu anayelima kwa ng'ombe anavyorudi na mfereji wa pili. Niliitazama kama alivyonifundisha, kwa mpangilio wake. Mabawa yalikuwa chini. Injini zilikuwa mbili, moja kila bawa, na pangaboi zake zikimetameta. Miguu imemezwa. Na mkiani, jambo ambalo halikuwa katika ukurasa wowote wa daftari, palichomoza ufito mrefu mweupe, umeelekea nyuma moja kwa moja, kama mwiko uliosahauliwa kwenye sufuria.

Tata alikuwa ametoka. Hakuketi. Alisimama mlangoni mkono ukiwa ukutani, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu mama mkwe afariki.

"Ni ile," akasema. "Ile ya Jumatatu. Nimengojea hiyo siku mbili. Angalia mzuri, mokamwana, ni ile."

Nilikuwa nimeshika shati la mume wangu, linachuruzika maji miguuni pangu. Nilijua papo hapo nilichokuwa nimefanya, na nilijua kwamba maneno matatu yangemaliza jambo: Tata, nilikosea juzi. Hata kusema nilikosea kungetosha, si lazima nilidanganya. Lakini kosa lingezaa swali, ulikosea namna gani kuhesabu injini mbili ukaona moja, na swali lingezaa jibu kwamba sikutazama, na nisingeweza kusimama hatua kumi mbele ya baba mkwe na kumwambia kwamba nilimjibu bila kutazama. Nilifikiria yote hayo katika muda ambao ndege ilichukua kuvuka boma letu. Nikasema la mkato.

"Hapana, Tata. Hii ni nyingine."

"Nyingine?"

"Hii iko na injini mbili. Mabawa chini. Miguu imemeza. Iko na mti mrefu kwa mkia."

Nilimpa kila kitu, ufito, rangi, namna ilivyogeuka. Nilikuwa mkweli kupita kiasi, kama mtu anayelipia. Yeye hakuuliza hata juu ya ufito, jambo ambalo siku nyingine lingemkosesha usingizi kwa furaha.

"Hii ni mbili," akasema.

"Ndiyo, Tata."

"Na ya Jumatatu ilikuwa moja."

"Ndiyo."

"Mimi nasikia ni ile ile."

Ndege ilirudi mara ya tatu, mbali kidogo, naye akaigeuzia sikio la kulia, kisha la kushoto, kama anayeonja chumvi. Halafu akaingia ndani akipapasa ukuta, na hakusema "Andika."

Kuanzia hapo nilimwona akipungua. Alhamisi ndege ilipita mara nyingi na hakutoka. Nilikohoa uani kwa makusudi, nikakohoa tena, kiti chake kikabaki kitupu. Ijumaa lori la chai lilipopanda mlima aliuliza ndani ya nyumba, "Hiyo ni lori?" Mtu aliyejua kwa mlio tu kama lori limejaa ama liko tupu. Alikuwa na njia yake ya kila jioni, kutoka barazani mpaka ukingoni mwa chai, peke yake, akifuata sauti: kinu cha kusagia cha jirani mkono wa kushoto, kijito mkono wa kulia. Akaiacha. Akawa anangoja binti yangu arudi kutoka kuchota maji amshike mkono, na binti akichelewa anakaa. Mimi nilikuwa pale, hatua kumi, mikono miwili mizima, na chinsoni hainiruhusu kumshika.

Wiki iliyofuata alimwita shemeji yangu anayeishi Kisii mjini, akamwambia ampeleke kupimwa masikio. Walikwenda asubuhi wakarudi alasiri. Shemeji alishuka garini akitabasamu, akatutangazia sote uani: masikio ya mzee ni mazima, daktari amesema kwa umri wake ni ya kushangaza. Binti akapiga makofi. Jirani aliyekuja kuomba jembe akamshukuru Mungu. Tata alisimama katikati yetu ameinamisha uso, na sikuwahi kuona mtu akipokea habari njema kwa namna ile.

Nilielewa mara moja. Kwake yeye, kama masikio ni mazima, basi kilichoharibika ni kichwa.

Kaka yake mkubwa alikwisha hivyo. Nilimkuta katika miaka yake ya mwisho, mzee mpole aliyewasalimu miti. Siku moja alitoka akaelekea njia ya Keumbu akisema anaenda kwa mama yake, aliyekuwa kaburini miaka arobaini, na alipopatikana alikuwa hajui watoto wake. Tata ndiye aliyemwogesha na kumlisha mpaka mwisho. Kwa maisha yake yote hakuogopa umaskini wala upofu wala kifo, alisema hivyo wazi kanisani. Aliogopa kwisha kama kaka yake. Na mimi nilikuwa nimemwonyesha mlango wa safari hiyo kwa sababu karani aliwafanya watu wanicheke.

Siku ya soko nilikwenda Ikonge kununua sukari na nikakuta ndege ndiyo habari. Mwuza parachichi alisema serikali inapima mashamba upya ili itutoze. Mwenzake alisema ni dawa ya kuua wadudu wa chai, na kwamba tangu ipite kuku wake hawatagi. Mzee mmoja alisema ni dhahabu, wazungu wameona dhahabu chini ya migomba yetu. Hakuna aliyebishana juu ya injini. Mbili, walisema wote, na ufito. Imepita tangu Jumatatu ile. Nilisimama kando ya magunia ya mahindi nikatafuta kwenye simu, nikaandika kwa mpangilio wa Tata mwenyewe, mabawa chini, injini mbili, ufito mkiani, na picha zikaja. Ni ndege ya kupima miamba. Ndani ya ufito huo mna chombo kinachosoma kilichoko chini ya udongo, na huwekwa mbali nyuma ili chuma cha ndege kisikisumbue. Ndiyo maana inalima hewa mstari kwa mstari. Kwa hiyo niliitambua ndege ambayo Tata alikuwa na haki ya kuitambua, nikiwa peke yangu sokoni, na kilo mbili za sukari.

Nilimpigia mume wangu, nikamweleza yote. Akacheka kwanza, kisha akaacha.

"Mwambie tu," akasema.

"Mwambie wewe."

"Mimi niko Nairobi. Wewe ndiye uliiona."

"Si ndiyo shida hiyo? Sikuiona."

Alimpigia baba yake jioni ile kabla ya chakula. Alimweleza juu ya ufito na miamba, na kwamba watu wote wa Ikonge wanasema ndege ni moja tu, ile ile, ya injini mbili, tangu Jumatatu. Nilikuwa jikoni na niliyasikia majibu ya Tata. Alisikiliza kwa adabu. Alisema hiyo kweli iko, ni ya Jumatano, mokamwana alimwambia. Ya Jumatatu ilikuwa nyingine, ni Kasisi, imeandikwa. Watu wa sokoni hawaandiki, alisema, wanakumbuka ovyo. Ushahidi wa kila mtu Nyamira nzima ulishindwa na mstari mmoja wenye mwandiko wangu.

Basi ilikuwa lazima niseme mwenyewe. Nilingoja Sabato, baada ya kanisa, watoto wakiwa wamekwenda kwa mkutano wa vijana. Nilichukua daftari. Nilikohoa jikoni, nikakohoa uani, naye aliyekuwa ameketi mlangoni akageuza kiti. Nilisimama mahali pangu pa kawaida.

"Tata," nikasema kwa Kiswahili, "ile ndege ya Jumatatu. Sikuangalia."

Akainua uso.

"Nilikuwa na hasira ya majani. Ulipouliza sikuinua kichwa. Nilisema moja bila kuona. Ilikuwa mbili. Ilikuwa ile ile ya Jumatano, na Jumatano nikakudanganya tena ili usijue. Ulisikia sawasawa siku zote mbili, Tata. Masikio yako hayana shida, kichwa chako hakina shida. Mimi ndiye nilikudanganya."

Nilisema nilikudanganya. Neno hilo halijawahi kutoka katika kinywa cha mke wa mwana kwenda kwa baba mkwe katika boma lile, na nililisikia likienda. Nilikuwa tayari kwa lolote: akasirike, awaite wanawe, adai mbuzi wa kusafisha jambo, anyamaze mwaka mzima. Nilitamani mojawapo, kusema kweli.

Alijibu kwa Ekegusii, lugha ya nyumbani, na kwa sauti laini ambayo hakuwahi kuitumia kwangu.

"Asante, mke wa mwanangu," akasema. "Nimezaa watoto watano na hakuna aliyewaza kuja kuniambia hivyo."

"Si kukuambia tu, Tata. Ndiyo kweli yenyewe."

"Mke wa mwanangu hawezi kunidanganya. Kuna chinsoni." Alilisema kama mtu anayeeleza kwamba maji hayapandi mlima. "Umekubali kujiita mwongo ili mzee ajione mzima. Heshima kama hiyo sijaiona. Mungu akubariki."

"Tata, naapa."

"Usiape siku ya Sabato. Na usilirudie mbele ya watu, hawataelewa, watakuona mbaya." Akatafuta fimbo yake, akaipata. "Nimesikia. Inatosha. Nimefurahi."

Akaingia ndani. Nilibaki uani na daftari, nimebarikiwa.

Sikuacha hapo. Nilimwambia shemeji, naye akamwambia baba yake, na mzee akamjibu kwamba yule mwanamke ni wa ajabu, bado anajaribu kumfariji. Nilifungua ukurasa wa Jumatatu nikaikata "moja" na kuandika "mbili" juu yake kwa kalamu nyekundu, kama ninavyofanya kwenye insha, lakini asiyeona hawezi kusomeshwa kalamu nyekundu. Ndege yenyewe ilimaliza mistari yake ikahamia kwingine, na haijarudi ili nimwite nimwambie sikiliza, ndiyo hii. Wanawake wa kanisani wananiheshimu zaidi. Amewaambia yeye mwenyewe.

Amerudi kuketi barazani, hilo limekuja lenyewe, polepole. Njia yake ya ukingoni mwa chai hajairudia peke yake. Wiki iliyopita asubuhi ilipita ndege ndogo, na kabla haijatokea juu ya mikaratusi nilikuwa nimeshaacha kila kitu na kutoka mbio. Nilitazama kwa mpangilio wake, mabawa, injini, miguu, mkia, nikaitazama mpaka ikawa nukta, kisha nikatazama pale ilipokuwa. Ilikuwa Kasisi, Kasisi wa kweli, mlio ambao mtoto mchanga angeutambua.

Nilingoja aseme kwanza. Hakusema. Alikuwa amegeuza uso upande wangu, si upande wa ndege.

"Mokamwana," akauliza, "ni injini ngapi?"

"Wewe unasikia ngapi, Tata?"

"Mimi wacha. Sema wewe."

"Moja," nikasema.

"Haya," akasema. "Kama wewe umeona moja, ni moja. Andika."